Nilivyoiteka kata ya Getanuwas kwa maharage matatu, baba mkwe akagoma kuniitikia shikamoo

Wakuu, habari za majukumu.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita. Leo nimeona nitoe na ya kwangu. Sijaongeza chumvi hata punje, iliyokuwepo ilitosha. Majina ya watu nimebadilisha, ila kata nimeziacha kama zilivyo, maana bila kata hakuna stori.

Ni ndefu kidogo. Mwenye chai aivute karibu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwetu ni Kilosa, lakini nilipangiwa sekondari moja huku Tlawi, Mbulu. Nilifika mwezi wa sita. Wiki ya kwanza nilifundisha nimevaa masweta mawili na bado chaki ilikuwa inatetemeka ubaoni. Wanafunzi walikuwa wananiangalia kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Nikazoea. Nikapata na mchumba, tumwite Pendo. Ni nesi kwenye zahanati, mcheshi, ila akishasema jambo limesemwa. Kwao ni Getanuwas, wilaya ya Hanang. Shikeni hapo.

Sasa, kidato cha nne kuna topic ya probability. Kitabu kinasema mfuko una mipira mitano myekundu na mitatu ya bluu. Kila mwaka kuna mwanafunzi ananyoosha mkono kuuliza mipira ni ya nani na kwa nini imewekwa kwenye mfuko. Nikaona hapana, nitengeneze kitu wanachoweza kukigombania.

Nikabuni game ya vita. Ya mezani, kwa dadu na kadi.

Mwenzangu mmoja, Mwalimu Paskali wa jiografia, mzaliwa wa huku huku, alinichorea ramani ya Mbulu na Hanang kwenye karatasi ya manila, kata kwa kata. Jeshi la Mbulu lilikuwa maharage ya njano. Jeshi la Hanang, mahindi. Punje moja, askari mmoja.

Ukitaka kuvamia kata ya jirani, wewe unarusha dadu mbili unachukua iliyo kubwa, anayelinda anarusha moja. Mwenye namba kubwa anashinda, mwingine anaondoa askari mmoja. Mkitoka sare, anayelinda ndiye mshindi. Kila zamu unachota kadi. Hiyo ndiyo game nzima, mtoto wa darasa la tatu anaielewa.

Kadi nilizikata kwenye maboksi ya chaki. Kulikuwa na kadi ya Matope, jeshi lako linakwama zamu moja. Kadi ya Harusi, askari wote wamekwenda harusini. Kadi ya Mwenyekiti Hayupo, huwezi kuvamia mpaka arudi. Na kadi ya Jirani, ambayo inakuruhusu umwite mtu yeyote aje akurushie dadu kwa niaba yako.

Dadu alichonga fundi seremala wa hapa jirani. Moja ilitoka na pande mbili zenye tatu, na haikuwa na mbili kabisa. Nilipomuuliza akasema ile mbili aliiona haina kazi. Darasa lilipiga hesabu za ile dadu wiki nzima na, kusema kweli, ndilo somo bora nililowahi kufundisha.

Ningeishia hapo ningekuwa salama.

Walimu wakaanza kucheza ofisini. Kutoka kwa walimu ikaenda dukani, Jumamosi mchana. Kutoka dukani ikafika kanisani, maana watu wakitoka ibada wanapitia dukani. Baada ya miezi miwili nilikuwa sina ramani moja, nilikuwa na nne, na kila moja ilikuwa na mzee anayeilinda.

Kidogo tu niseme hili: mke wa Paskali siku moja alilipika jeshi. Alikuta bakuli la mahindi na maharage mezani akajua ni makande yanangoja. Tulipotoka darasani tukakuta vita yote inachemka. Tulikula wote, Mbulu na Hanang, na makande yalikuwa mazuri.

Turudi kwenye mada.

Shida ilikuwa kanuni. Nilianza na kanuni sita. Watu wa huku, wakuu, kanuni ikishaandikwa wanaiheshimu mno, na ndiyo maana kabla hawajaiheshimu wanaigombania. Kila jioni mtu ananifuata: mwalimu, hapa hujaweka hiki.

Tukaongeza kwamba kata yenye mnada siku hiyo haivamiwi. Ni haki, watu wana mifugo barabarani. Tukaongeza kwamba mtu hawezi kuvamia kata ya wajomba zake. Hii ilileta vurugu, maana ghafla kila anayelemewa anasema pale ni kwa wajomba. Kuna jamaa mmoja mama yake alitokea kata nne tofauti ndani ya mchezo mmoja.

Halafu ikaja kanuni ya tisa.

Safari, dereva bodaboda, alikuwa anacheza na mzee mmoja wa kanisa. Akaivamia kata ya mzee huku anasema, "Leo nakuchapa, mzee!" Mwenye duka alizima redio. Mzee akasimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Safari ilibidi aende kwake na kilo ya sukari kuomba radhi.

Wazee wakaniita. Wakasema hawakatai kuvamiwa, vita ni vita, ila mtu mdogo hawezi kumvamia mkubwa bila salamu.

Nikaona ni ombi dogo. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kanuni ya 9. Mshambuliaji akiwa mdogo kwa umri atamwamkia mlinzi shikamoo. Vita itaanza baada ya salamu kuitikiwa."

Nisomeeni tena hiyo sentensi polepole. Mimi sikuisoma polepole.

Wakati huo huo mimi na Pendo tulikuwa tumeshakubaliana nikajitambulishe kwao. Baba yake ni Mzee Amnaay, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Sasa ni mkulima, ana ng'ombe, na ana makoti mawili ya suti anayovaa kwa zamu hata akienda kukamua.

Mshenga wangu alikuwa Paskali. Tukapanda basi la Haydom asubuhi, limejaa wagonjwa na ndugu zao na magodoro. Kutoka pale tukatafuta gari la Katesh, kisha bodaboda. Nimebeba zawadi, nimenyoa, nimejifunza cha kusema. Paskali akasisitiza pia tubebe game, "Ukweni ukikosa cha kuongea, tunacheza." Wazo lake hilo. Nalisema hapa hadharani.

Tukapokelewa vizuri. Nikatoa shikamoo mlangoni, Mzee akaitikia vizuri tu. Maziwa yakaja. Paskali akasafisha koo aanze kutaja tulichofuata.

Mzee akainua mkono. Akatoa simu kwenye koti, akavaa miwani, akanionyesha picha. Mtu alikuwa amepiga picha ramani yetu ya ofisini na kuirusha kwenye group. Pale kwenye kata ya Getanuwas palikuwa na maharage.

"Mwalimu," akasema, "nani aliiteka Getanuwas?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwa askari wangapi?"

"Watatu."

"Maharage matatu."

"Ndiyo, mzee."

"Getanuwas yote. Na milima yake."

Paskali alikuwa anaangalia maziwa yake kama yameandikwa kitu.

"Na wakati inatekwa, nani alikuwa upande wa Getanuwas?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa Paskali, anashika mahindi. Mzee akamgeukia. "Wewe ni wa Tlawi. Umesimama kwa niaba ya Getanuwas kwa idhini ya nani?" Paskali, mwalimu wa miaka kumi na moja kazini, akarudi kwenye maziwa yake.

Mzee akatamka uamuzi, na alitamka akiwa amesimama. Utekaji ule ulikuwa batili kwa sababu mwenye kata hakuwepo. Utarudiwa, safari hii mwenye kata akiwepo. Na mpaka utakapokamilika, yeye hawezi kusikiliza posa, kwa sababu hakuna mzazi anayeoza binti kwa jeshi linalokalia ardhi yake.

Nikamwangalia Pendo, aliyekuwa ametangulia kwao, akiwa mlangoni. Alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Kulia au kucheka, mpaka leo hajaniambia.

Tukatandika ramani kwenye meza ya sebuleni. Mzee akaomba kanuni. Akazisoma zote ishirini na sita, akazinakili kwenye counter book, akaniuliza maswali mawili kuhusu koma. Dadu isiyo na mbili aliikataa, akatoa mbili zake alizozichongesha Katesh, na kabla ya kuzitumia alinihesabisha pande zote. Akapanga mahindi matano Getanuwas. Mimi nikasogeza maharage yangu matatu mpakani.

Zamu yangu. Nikamwamkia kama kanuni inavyotaka. "Shikamoo, mzee."

Akakunja mikono. Akaangalia dirishani.

Nikadhani hajasikia. "Shikamoo, mzee."

Kimya.

Paskali akamkumbusha kwa adabu kwamba nimesalimia. Mzee akafungua counter book, akaweka kidole. "Kanuni ya tisa inasema vita itaanza baada ya salamu kuitikiwa. Haisemi itaitikiwa lini."

Mimi mtu wa hesabu, nimeacha mlango wazi wa ukubwa ule.

Tukakaa. Chakula kikaja, tukala. Mzee aliongea na Paskali habari za mbegu na bei ya ng'ombe, na mimi hakunitazama. Jua likaanza kuinama, tukaaga tuwahi gari. Pale mlangoni nikasema shikamoo ya kawaida kabisa, ya mtu anayeondoka. Akatikisa kichwa.

"Siwezi kuitikia, mwalimu. Nikiitikia, utarusha dadu."

"Mzee, hii siyo ya mchezo."

"Itathibitishwaje?"

Nikaondoka ukweni bila kuitikiwa.

Kwa ambao hamjakaa huku, ngoja niwaeleze uzito wake. Shikamoo isipoitikiwa watu hawaulizi mzee ana nini. Wanauliza wewe umefanya nini. Nilifika Tlawi nikakuta taarifa imenitangulia. Mama mmoja kanisani alinishika mkono akaniambia chochote nilichokifanya, Mungu anasamehe. Mkuu wa shule aliniita akafunga mlango, akaniuliza kama kuna mtoto mahali.

Nilipojieleza, "Ni kwa sababu ya maharage," nilionekana mwongo zaidi.

Pendo alikuwa amenikasirikia. Na hasira zenyewe hazikuwa kwa baba yake, zilikuwa kwangu.

"Baba amefanya nini kibaya? Amesoma ulichoandika. Kwa nini uliandika kanuni haina muda wa mwisho?"

Nikampigia Mzee simu. Nikisema shikamoo tu, inakatika. Nilijaribu kuanza na habari za nyumbani, akasema, "Kwanza salamu." Nikasalimia. Ikakatika.

Nikaamua kurekebisha kanuni. Nikaandika kipengele kipya, kwamba salamu isipoitikiwa ndani ya muda wa mtu kunywa kikombe kimoja cha chai, itahesabika imeitikiwa. Nikapiga saini, nikatuma kwa basi.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, barua ya kuchapwa kwa mashine. Nimeitunza. Kichwa chake: "YAH: UVAMIZI WA KATA YA GETANUWAS UNAOFANYWA NA MAJESHI KUTOKA TLAWI." Akasema kanuni mpya haiwezi kurudi nyuma na kuigusa vita ambayo tayari imefunguliwa. Akasema pia muda wa kikombe kimoja haukueleza chai ina moto kiasi gani. Chini kulikuwa na nakala kwa shangazi zake Pendo wawili, mzee wa kanisa, na jalada.

Shida ni kwamba bahasha ilichanika njiani. Watu wa kwenye basi wakasoma kichwa cha barua. Wao hawakuwa na habari za maharage.

Siku ya tatu akaja shuleni mgambo na daftari. Kijana mstaarabu kabisa, alikuwa anafanya kazi yake.

"Mwalimu, tumesikia una majeshi mpakani mwa Getanuwas."

"Ninayo, ndiyo."

"Askari wangapi?"

"Watatu."

Akaandika. "Silaha?"

"Dadu mbili."

Akaandika, akasita, akaniangalia. Nikamwonyesha ramani ya ofisini na kopo la kahawa lenye askari wa akiba. Kisha akainama, akatafuta Dongobesh, kwao, akakuta pana mahindi.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa Hanang."

Akavua kofia, akavuta kiti. Aliondoka saa kumi na moja, Dongobesh imekombolewa. Kesi yangu sijui iliishia wapi, sijawahi kuiulizia.

Yote hayo yalikuwa ya kuchekesha kwa wengine. Mimi nilikuwa naisha. Wiki ya saba sasa. Shangazi mmoja wa Pendo alishaanza kusema kuna daktari msaidizi mmoja, mtulivu, hana michezo.

Wokovu ulitoka kwa Pendo. Alikuwa anasoma zile kanuni zangu wakati wa mapumziko zahanati, akaja ameshika karatasi.

"Kadi ya Jirani inasema unaweza kumwita mtu yeyote akurushie dadu."

"Ndiyo."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Na shikamoo inatolewa na mshambuliaji akiwa mdogo. Akiwa mkubwa?"

Tukaangaliana. Getanuwas nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mzee Amnaay hana ujanja kwake. Mama yake. Bibi Monika, ambaye umri wake hakuna anayeujua, ila anaikumbuka njaa ambayo wengine wanasimuliwa.

Likizo ilipofika tukaenda, mimi, Pendo na Paskali. Sebuleni nikakuta kitu ambacho sitakisahau. Ile meza ilikuwa vile vile tulivyoiacha. Mzee aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ili askari wasisogee. Wiki saba familia nzima imekula kwa kupakata sahani mapajani. Mama mkwe aliniangalia kwa jicho ambalo, kama lingekuwa dadu, lingekuwa sita.

Nikachota kadi. Zamu ya kwanza ikaja Matope. Nikapumzika. Mzee, kwa zamu yake, hakuvamia, alisema yeye ni mlinzi. Zamu ya pili, Harusi. Ya tatu, nikachota Jirani.

"Namwita Bibi," nikasema.

Mzee akafungua counter book haraka. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akafunga taratibu.

Bibi akaletwa na kigoda chake. Pendo akamweleza kwa Kiiraqw, kirefu. Bibi akasikiliza yote, akauliza swali moja, Pendo akajibu. Bibi akazichukua dadu kwa mikono miwili, akazimwaga mezani kama mtu anayelisha kuku. Tano na moja. Mzee akarusha yake, tatu. Hindi moja la Getanuwas likatolewa.

Bibi hakusalimia mtu. Kanuni haikumtaka asalimie.

Sasa zamu ya Mzee. Na hapo akakasirika, akasahau kwamba yeye ni mlinzi. Akasema anajibu mapigo. Akainua dadu, kisha mkono ukasimama hewani, maana aliiona kabla yetu. Sasa yeye ndiye mshambuliaji. Na mbele yake kuna mkubwa.

Akashusha mkono. "Shikamoo, mama."

Bibi akaangalia dirishani.

"Mama, shikamoo."

Bibi akaomba ungo. Akaletewa, akaanza kuchambua maharage ya mboga, moja moja, anatoa mawe.

Mzee wa miaka sabini na kitu, ndani ya koti la suti, amekaa mbele ya mama yake mkono mtupu, anasubiri. Dakika ishirini. Nusu saa. Alijaribu kwa Kiiraqw, Bibi akaendelea na mawe. Alimwangalia mkewe, mkewe akainuka akaenda jikoni na nikamsikia kule anacheka hadi sufuria linaanguka.

Mwisho Bibi akasema, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie: "Huyu alikusalimia lini?"

"Wiki saba, mama."

"Mimi nina nguvu za kuchambua maharage wiki saba."

Mzee akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Akanigeukia na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya picha.

"Marahaba, mwalimu. Marahaba za wiki zote."

Hapo hapo Bibi akamwitikia mwanawe, lakini Mzee akaghairi kuvamia, akarudi kwenye ulinzi. Bibi akasukuma dadu upande wangu, akasema amechoka, nimalizie mimi.

Sasa oneni mtego. Salamu imeitikiwa, kwa hiyo vita imeanza, kwa hiyo nirushe. Nilikuwa nimejiombea nishindwe. Nishindwe vizuri, kwa heshima, Mzee abaki na kata yake, nioe. Lakini anayevamia ana dadu mbili, anayelinda ana moja. Nilifundisha mwenyewe kwamba hapo mvamizi ana nafasi zaidi ya nusu kidogo. Huwezi kuibembeleza dadu ikushinde.

Na kwa kuwa kanuni haikusema shikamoo moja inatosha, kila nikirusha ilibidi nisalimie upya. Nilimwamkia Mzee mara sita mchana ule. Aliitikia mara sita, kila moja kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia.

Maharage yangu mawili yalikufa. Mahindi yake yote manne yalikufa. Palibaki harage moja la njano, katikati ya Getanuwas, peke yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Paskali alinong'ona, "Umeharibu."

Mzee akainuka akaingia chumbani. Nikasikia anavuta sanduku. Nikajua ndiyo basi, anatafuta fimbo, au barua ya posa ya yule daktari msaidizi.

Akarudi na karatasi mbili na kalamu. Hati ya makabidhiano. Aliiandika pale pale, magotini, kwa mwandiko wa kikarani: kwamba kata ya Getanuwas imetekwa kihalali mbele ya mashahidi, na kwamba kuanzia sasa iko chini ya mwalimu fulani. Akanipa nisaini. Bibi akaweka dole gumba.

"Mwenye kata siyo mgeni," akasema. "Kwa hiyo posa tutaisikiliza kama jambo la ndani. Paskali, sema ulichokuja kusema."

Paskali alikuwa amesahau. Miezi ya kujiandaa, akasema tu, "Tumekuja kwa ajili ya Pendo." Ikatosha.

Jioni, Mzee akanisindikiza hadi barabarani. Nikamwomba radhi kwa usumbufu wa zile wiki. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniletea karatasi yenye vifungu. Wananiletea harusi na misiba. Vifungu, hakuna." Kisha akaniuliza kama kanuni ya ishirini na moja nimeiandika makusudi vile ilivyo, maana ina shimo.

Tulifunga ndoa. Ilifana.

Lakini hati ile, wakuu, mzee hakuwa anatania. Wiki ya pili baada ya harusi napigiwa simu nikiwa darasani. Bomba la maji limepasuka Getanuwas. Nikauliza nifanye nini, mimi niko Tlawi. Akasema, "Kata ni ya nani?"

Nilikwenda. Nilichimba mtaro na wenzangu siku mbili, nikarudi na malengelenge. Tangu hapo kuna msiba, naitwa. Kuna barabara ya kulima kwa jembe la mkono, naitwa. Mkutano wa kijiji, nimewekewa kiti, na watu ambao siwafahamu wananilalamikia kuhusu fisi. Nimeshajifunza Kiiraqw cha kulalamikiwa. Cha kujitetea bado.

Nilichojifunza: ukiandika kanuni, weka muda wa mwisho. Halafu mpe mtu mmoja asiyekupenda aisome kabla hujaibandika. Na la tatu, hili nalisema kwa vijana wanaopenda kuteka maeneo kwenye game za simu: kuteka ni dakika kumi. Baada ya hapo pale mahali panakujua jina.

Najua kuna watakaosema nimetunga. Wenyeji wa Hanang mpo humu, tokeni mseme. Na wenye kesi za ukweni za aina hii, hata kama si za dadu, shusheni hapo chini tujue hatuko peke yetu.

Maswali nitajibu kesho kutwa. Kesho alfajiri naondoka, josho la ng'ombe limepata ufa na wanasema mwenye kata aje alione.